Pikipiki ya kasi Songea na swali la kiti cha nyuma

Songea. Mwezi Julai baridi ya Songea haina utani. Mji huu uko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri ukungu hushuka kutoka milima ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma, ukatanda mitaani mpaka taa za pikipiki zikaonekana hafifu kama tochi zilizoishiwa betri. Saa 12 asubuhi madereva wa bodaboda huwa wameshafika vijiweni, wamevaa makoti mazito, glovu za sufi na kofia za kuvuta hadi masikioni, wakizunguka jiko la mama anayeuza chai na maandazi.

Huu pia ndio msimu wa fedha. Mahindi yametoka shambani, wafanyabiashara wanapita vijijini na mizani, na mkulima aliyeuza magunia yake huangalia mambo mawili: bati la nyumba na pikipiki. Kwa hiyo Julai na Agosti mazungumzo ya vijiweni hugeuka. Siasa na mpira vinakaa kando kidogo, watu wanajadili injini.

Katika kijiwe kimoja karibu na soko kuu, mjadala wa mwaka huu ulianzishwa na pikipiki moja tu. Mfanyabiashara wa mahindi alikuja nayo: nyekundu, tangi limetuna kama bega la ng'ombe, usukani uko chini, tairi la nyuma pana, mwili mzima umevikwa plastiki iliyochongoka. Ni pikipiki ya mchezo, ile ambayo vijana wengi walikuwa wanaiona kwenye simu tu. Watu walipiga nayo picha asubuhi nzima.

Mwenye mali hakuwa mchoyo. Alimpa funguo dereva mkongwe wa kijiwe, mwenye miaka 15 barabarani, ambaye wenzake humwita Mwenyekiti. Alimwambia aende nayo Peramiho na kurudi, kisha aseme ukweli.

Peramiho na kurudi

Kutoka Songea hadi Peramiho ni kilomita zipatazo 24, kwa barabara ya lami iendayo Mbinga. Ni njia ambayo kila dereva wa mjini anaijua, kwa sababu Peramiho kuna hospitali kubwa ya misheni, ya Mtakatifu Yosefu, iliyoanzishwa na watawa Wabenediktini. Abiria wa njia hiyo wanajulikana kwa mizigo yao: chupa ya uji, blanketi, mtoto mgongoni, au bibi anayekwenda kumwona mgonjwa. Mwenyekiti alikwenda kwa lami, akarudi akichepuka kwenye njia za vumbi za vijijini, akafika kijiweni baada ya saa mbili hivi. Alizima injini, akanyoosha mgongo kwanza, ndipo akatoa hukumu.

Injini ni nzuri, alisema, lakini nguvu yake iko juu. Ukiikimbiza inaruka, ukipanda kilima taratibu na mzigo inalegea, unalazimika kushusha gia kila mara. Boxer au TVS ya kazi inavuta tangu chini, ndiyo maana inapanda vilima na gunia la mahindi bila kulalamika.

Usukani uko chini mno, mikono ndiyo inabeba mwili, na baada ya kilomita 20 viganja vinakufa ganzi. Tumbo la pikipiki liko karibu na ardhi, limegonga jiwe mara mbili. Plastiki zile zikianguka siku moja, fundi hana cha kugonga wala kuchomelea, ni kununua nyingine. Breki ya mbele ni kali: kwenye lami ni neema, kwenye vumbi ukiibana kwa pupa tairi linajifunga na unalala chini.

"Na hiki cha nyuma," alimalizia, akipiga kiti cha abiria kwa kiganja, "hiki ni sahani, si kiti."

Sindano na kuni

Aliyeudhika zaidi ni kijana wa miaka 24, kwa sababu alikuwa na la kupoteza. Alikuwa amemaliza mkataba wiki chache tu zilizopita. Kwa wasiojua, mkataba ni utaratibu ambao mwenye fedha ananunua pikipiki, dereva anaifanyia kazi na kupeleka hesabu kila siku au kila wiki, kwa mwaka mmoja au zaidi, na mwisho inakuwa mali yake. Ni siku nyingi za kuamka usiku, kula mlo mmoja na kuogopa kuugua, maana siku ya kuugua nayo inadaiwa. Sasa Boxer yake ilikuwa yake kweli, na mpango wake ulikuwa kuiuza, kuongeza mkopo wa kikundi, na kununua nyekundu kama ile.

"Mwenyekiti, umeonea," alisema. "Umeijaribu kwa kazi ambayo haikutengenezewa. Unailaumu sindano kwa kushindwa kupasua kuni."

Hakukosea kabisa, na wenzake kadhaa walimuunga mkono. Pikipiki ile ina breki za diski mbele na nyuma, wakati nyingi za kazi bado zina breki ya ngoma angalau nyuma. Taa yake inamulika mbali, jambo la maana kwa anayetoka Namtumbo usiku. Tairi zake zinashika lami vizuri kwenye kona. Mtu mzima, peke yake, kwenye lami, mwenye leseni na mwendo wa staha, anaweza kuwa salama juu yake kuliko juu ya pikipiki ya kazi yenye tairi kipara. Mwingine aliongeza kwamba wanafunzi wa vyuo wanapenda vitu vipya na watalipa zaidi.

"Mdogo wangu," Mwenyekiti alijibu, "mimi sikuulizwa kama inapendeza. Niliulizwa kama itafanya kazi Songea."

Mama wa chai ajaribu

Ubishi ungeweza kuendelea mpaka mchana kama si mama wa chai. Alifuta mikono kwenye aproni, akasema, "Niacheni mimi nijaribu. Ninyi wote mnakaa mbele, mimi ndiye ninayekaa nyuma."

Alijaribu kukaa upande mmoja, kama wanawake wengi waliovaa kitenge au khanga wanavyokaa. Kiti kilikuwa juu karibu na kifua chake, kimeinama kuelekea mbele, hakina chuma cha kushika wala keria. Alijaribu kukaa kwa kutanua miguu. Vikanyagio vilikuwa juu sana, magoti yakakunjika, na guso la kwanza la mguu wake lilikuwa kwenye bomba la moshi. Bahati lilikuwa limeshapoa.

Vijana walicheka. Mama hakucheka. Alishuka, akamtazama yule kijana, akamuuliza kwa upole: "Mwanangu, na yule mtoto wako utamweka wapi?"

Mtoto wa kijana huyo ana miaka sita na yuko darasa la kwanza. Kijana alijibu bila kufikiri: "Si huwa anakaa mbele, kwenye tangi." Kisha akalitazama tangi lile lililotuna, akanyamaza.

Mwenyekiti alidhani ameshinda. Lakini kijana alipata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa zito. "Mwenyekiti, unasema pikipiki hii haina kiti cha mama. Ya kwako ina helmeti ya mama? Kila asubuhi unapeleka watoto watatu shule. Helmeti ni moja, na umeivaa wewe."

Kijiwe kilinyamaza. Hapakuwa na dereva hata mmoja, kati ya waliokuwepo, aliyekuwa na kofia ngumu ya pili.

Anayekaa nyuma

Hapo ndipo mjadala wa kijiwe unapomgusa mzazi. Kasi, rangi na mlio wa injini ni mambo ya anayekaa mbele. Anayekaa nyuma ni mama anayetoka kliniki, mgonjwa, mwanafunzi. Yeye hashiki usukani wala breki, na mara nyingi hana kofia.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Tathmini ya tafiti nyingi kuhusu kofia ngumu ilionyesha kuwa kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali, kofia inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Na mwendo nao una hesabu yake: WHO inaeleza kuwa wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4.

Mtoto wa tangini yuko pabaya zaidi ya wote. Pikipiki ikigonga kitu na kusimama ghafla, mwili wake unaendelea kwenda. Hukutana kwanza na usukani na vioo, na nyuma yake kuna uzito wa mtu mzima unaomsukuma. Kanuni za mwaka 2010 zinazosimamia leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zinakataza kubeba mtoto mwenye umri chini ya miaka 9. Sababu ni ya kimwili: mtoto mdogo miguu haifiki kwenye vikanyagio, mikono haina nguvu ya kujishikilia, na usingizi wa asubuhi humchukua haraka.

Songea ina sababu nyingine ya kuchukua tahadhari. Mji una hospitali ya rufaa ya mkoa, na Peramiho ipo jirani. Lakini jeraha kubwa la kichwa likihitaji kupelekwa Muhimbili, ni safari ya zaidi ya kilomita 900 kupitia Njombe na Iringa.

Mzazi aangalie nini

Kabla ya kumkabidhi mtoto kwa dereva, mzazi anaweza kuikagua pikipiki kama mama wa chai alivyofanya: akae mwenyewe nyuma. Je, miguu inafika kwenye vikanyagio? Kuna cha kushika? Bomba la moshi lina kinga? Tairi lina meno? Kisha amuulize dereva leseni, na amwambie wazi kwamba mtoto atabebwa peke yake, si mshikaki.

Kofia ya mtoto inunuliwe na mzazi, ya ukubwa wa kichwa chake. Kofia ya mtu mzima inayozunguka kichwani haimsaidii. Mkanda ufungwe chini ya kidevu, ubakize nafasi ya vidole viwili tu. Wanaokataa kofia za bodaboda kwa kuogopa jasho na mapunye wana hoja, maana mapunye huweza kuambukizwa kwa kuvaliana kofia. Kuwa na ya kwako kunamaliza hoja hiyo. Kofia iliyopata kishindo cha ajali isitumike tena, hata kama haionyeshi ufa.

Mtoto akiungua na bomba la moshi, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta na udongo havifai. Akianguka na kugonga kichwa, kisha akatapika mara kwa mara, akasinzia kusiko kwa kawaida, akapata degedege au akatoka damu au majimaji puani au masikioni, apelekwe hospitali mara moja, hata kama alisimama mwenyewe baada ya kuanguka.

Wiki iliyofuata

Pikipiki nyekundu ilirudi kwa mwenyewe, na sasa inaonekana jioni kwenye lami, ikiwa na mtu mmoja juu yake. Kijana hajauza Boxer yake. Anasema bado anapiga hesabu, na hakuna anayejua ataamua nini. Ila mtoto wake sasa anakwenda shule kwa miguu akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Shule yenyewe, kumbe, ni mwendo wa dakika 20.

Mwenyekiti amenunua kofia ya pili. Amewaambia wazazi wa watoto wake watatu kwamba wawili wakubwa atawapeleka mmoja mmoja, kwa safari mbili, na nauli itapanda kidogo. Yule mdogo wa darasa la pili hatambeba tena mpaka afikishe umri.

Wazazi wawili walikubali, ingawa mmoja alinung'unika. Wa tatu, mzazi wa yule mdogo, alisema hana muda wa mambo mengi asubuhi. Amempata dereva mwingine, wa kijiwe cha jirani. Huyo anabeba wanne.