Maji Yatengayo

Mtu asimamaye Mlandege na kutazama upande wa Darajani hawezi kujua kwa macho kwamba zamani hapo palikuwa na maji. Hori la bahari lilitenga Mji Mkongwe na upande wa pili, ndiyo maana upande huo ukaitwa Ng'ambo, na Mlandege imo humo. Katika karne ya 20 hori lilifukiwa, nayo barabara ikapita juu yake. Daraja halipo tena, ila majina yamebaki.

Basi twataka kunena habari za maji na kazi yake ya kutenga, kwa mfano wa kiumbe ambaye wengi humkimbia: buibui. Mama wa Mlandege asikiapo neno hili hukumbuka kwanza vazi jeusi. Sisi twamnena yule mwenye miguu minane.

Maji ya pili ni mlango wa bahari kati ya Unguja na bara. Kina chake ni kidogo. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika nchi za kaskazini, bahari ilishuka kiasi cha mita 120, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Chui wa Unguja hakuogelea. Wazee wake walikuja kwa miguu, kisha bahari ikapanda ikawakatia njia ya kurudi. Kwa hiyo wanyama wetu wengi ni ndugu wa karibu wa wale wa bara.

Maji ya tatu ni bahari kuu. Tukienda mashariki kiasi cha kilometa 1,800 twafika Shelisheli, mahali ambapo Kabaka Mwanga wa Buganda alihamishiwa na Waingereza, akafa huko mwaka 1903. Mwaka uo huo Mfaransa Eugène Simon aliwapa buibui wa visiwa hivyo jina la jenasi, Nesiergus. Ni wa ukoo wa wale buibui wenye manyoya ambao bara wana jamaa zao wakubwa, walao wadudu na kukaa mashimoni. Hawa wa Shelisheli ni wadogo, nao huishi chini ardhini. Aina zijulikanazo ni tatu: insulanus, maana yake wa kisiwani, gardineri, aliyeelezwa mwaka 1911, na halophilus, apendaye chumvi, wa mwaka 1978.

Mwalimu aweza kuuliza: kwa nini wao hawako kwingine? Visiwa vikubwa vya Shelisheli ni vya mawe ya matale, navyo vilitengana na Bara Hindi zaidi ya miaka 60,000,000 iliyopita. Buibui wa ardhini hana mashua. Kizazi baada ya kizazi huoana na jirani zake tu, hata wakawa watu wa namna yao peke yao.

Hapo ndipo ilipo hatari. Misitu mingi ya asili ya Shelisheli ilikatwa, na mdalasini ulioletwa na wageni ukaenea milimani. Mnyama wa bara akifukuzwa bonde hili huenda la pili. Wa kisiwa kidogo hana la pili.

Kwa hiyo wazazi na walimu, mtoto akimwona buibui chini ya jiwe, mwambieni asimshike, wala asimponde. Amtazame, kisha alirudishe jiwe taratibu.