Chama cha Kiti Kimoja

Nikiwaambia vijana wa hapa Likoni, Mombasa, kwamba niliwahi kuwa na kadi ya Shirikisho, wengi hudhani nazungumzia kandanda. Siwalaumu. Chama cha Shirikisho kilipata kiti kimoja bungeni mwaka 1997, kikapata kimoja tena 2002, kisha kikapotea hivi hivi, bila hata matanga. Lakini sisi tuliokuwa vijana wakati ule, upande huu wa kivuko, tulikiona chetu kwa namna ambayo chama tawala, KANU, hakikuwahi kuwa chetu.

Ofisi tuliyokuwa tukikutania ilikuwa chumba kimoja cha kupanga, kati ya fundi cherehani na muuza makaa. Ndani mlikuwa na meza, mabenchi mawili, na mkebe wa biskuti ambamo mweka hazina alitia pesa za kadi. Risiti ziliandikwa kwa karatasi ya kaboni, na kwa kuwa kaboni ilikuwa ile ile kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, nakala ya chini haikusomeka. Ukiuliza unajibiwa, "Jina lako twalijua bwana, karatasi ya nini?" Mvua ikinyesha, mikutano ilihamia barazani kwa fundi, na yeye akichoka na maneno yetu anakanyaga cherehani kwa nguvu hadi tusisikizane.

Aliyenipeleka pale ni ami yangu, mdogo wake baba. Yeye siasa za aina hii hakuzianza na Shirikisho. Alikuwa mtu wa KADU, chama cha Ronald Ngala, na mpaka alipokuwa mkongwe alimtaja Ngala kama mtu anayemtarajia kuingia mlangoni wakati wowote. KADU iliundwa 1960 na viongozi wa jamii ndogo ndogo walioogopa kwamba Uhuru ukija, wakubwa watagawana kila kitu. Dawa yao ilikuwa majimbo: kila mkoa uwe na bunge lake na mamlaka yake juu ya ardhi. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ikakataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta afunguliwe, kwa hivyo Ngala, mwalimu kutoka Kilifi, ndiye aliyeongoza shughuli za serikali. Ami alikuwa akifika hapo anatua kidogo, ili msikilizaji apate nafasi ya kushangaa.

Asichopenda kukieleza ni kwamba Pwani yenyewe haikuwa na sauti moja. Wako waliotaka Mwambao, yaani ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Unguja kwa jina, ujitenge na Kenya kabisa au urudi kwa Sultani. Wengi wa Wamijikenda hawakutaka kusikia habari hiyo. Wao walimfuata Ngala na majimbo yake ndani ya Kenya. Tarehe 5 Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walibadilishana barua, mambo ya Sultani yakaisha, na Waislamu wa Pwani wakaahidiwa kubaki na mahakama zao za kadhi. Majimbo nayo yaliingia katika katiba ya Uhuru, Ngala akawa rais wa bunge la jimbo la Pwani. Hayakudumu. Serikali ya KANU ilizibana fedha za majimbo, wabunge wa KADU wakaanza kuvuka mmoja mmoja, na Novemba 1964 Ngala mwenyewe akakivunja chama. Baadaye akawa waziri katika serikali ya KANU hadi alipofariki mwaka 1972.

"Alituuza?" nilimuuliza ami siku moja.

"Alichoka, mwanangu. Huwezi kuwa jimbo na huna mshahara wa kulipa karani."

Mwenyekiti wa KADU alikuwa kijana wa Kabarnet aitwaye Daniel arap Moi. Kufikia miaka ya tisini Moi alikuwa rais na KANU ilikuwa yake, na baadhi ya wanasiasa wake wa Bonde la Ufa walikuwa wameyafufua majimbo, safari hii kama onyo kwa wageni waliokaa mikoa ya wenzao. Watu wakauawa na wengine kufukuzwa makwao kwa jina hilo kuanzia 1991. Kwa hiyo Shirikisho lilipojitokeza Pwani likidai mfumo wa shirikisho, lilikuwa limeokota bendera iliyokwisha tapakaa damu mahali pengine.

Na damu ilifika kwetu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 vijana waliokula kiapo msituni Kaya Bombo walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kidogo cha kivukoni, wakaua polisi na kuiba bunduki. Kwa wiki kadhaa zilizofuata waliwalenga watu wa bara. Waliouawa walipita 100, na waliohama makwao walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Tume ya Jaji Akiwumi ya kuchunguza mapigano hayo iliundwa mwaka uliofuata, na ripoti yake ilitolewa hadharani 2002. Wengi wetu tuliamini, na ripoti za haki za binadamu zikaja kusema hivyo, kwamba watu wa chama tawala walikuwa na mkono ili wapiga kura wa upinzani waondoke Likoni kabla ya uchaguzi. Kama hesabu ilikuwa hiyo, ilienda mrama.

Kampeni zilifanyika kwenye tope la mvua za El Niño. Nakumbuka mkutano mmoja mdogo chini ya mwembe, siku ambayo jua lilitoka kidogo. Jirani yetu mmoja, Mjaluo aliyekuwa makanika, alikuwa amerudi kutoka kwenye uwanja wa kanisa alikolala na watoto wake. Alisimama nyuma akasikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono.

"Mzee, heshima zako. Mkipata hayo mnayotaka, mimi niende wapi? Watoto wangu wote wamezaliwa hapa."

Katibu wetu akamjibu kwamba chama kinataka madaraka, hakimfukuzi mtu. Jibu lilikuwa zuri, na naamini alilisema kwa moyo. Lakini watu kama thelathini tuliokuwa pale hatukupiga makofi wala hatukusema neno, na yule makanika alitutazama mmoja mmoja kabla ya kuondoka. Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wa Shirikisho. Madai yake yalikuwa ya haki: bandari iko kwetu na mapato yanakwenda kwingine, hoteli ziko ufuoni mwetu na wenyeji wanafagia, ardhi tuliyozaliwa juu yake ina hati ya mtu tusiyemjua. Hata hivyo chama hakikupata namna ya kuyasema hayo yote bila jirani wa bara kusikia mlio wa panga.

Mwisho wa Desemba tulipiga kura, na Suleiman Shakombo akaingia bungeni kwa tiketi ya Shirikisho. Kiti kimoja kati ya 210, na kiti chenyewe ni Likoni, pale pale palipochomwa. Usiku wa matokeo ngoma zililia hadi alfajiri. Kwingineko Pwani KANU ilijizolea viti vyake kama kawaida, jambo ambalo sherehe yetu haikutaka kulijua.

Miaka iliyofuata sina mengi ya kuyasimulia, maana hayakuwa mengi. Mbunge mmoja hawezi kupitisha sheria, na chama cha mbunge mmoja hakipati wafadhili. Shakombo alibaki bungeni hadi 2007 na katika serikali ya Mwai Kibaki akawa waziri wa turathi za kitaifa. Ami alikuwa na neno lake kwa viongozi wa vyama vyetu: kwao chama ni feri, mtu hupanda akiwa mashakani, ikifika ng'ambo anashuka haraka na hageuki. Chumba chetu kilichukuliwa na muuza simu. Mwaka 2007 Likoni ilikwenda kwa chama cha ODM, kwa sababu kiongozi wake, Raila Odinga, alikuwa akiyahubiri yale yale ya kugawa madaraka kwa sauti kubwa kuliko tuliyowahi kuwa nayo.

Hasira haikwisha kwa chama kufa. Sehemu yake iliingia katika Mombasa Republican Council, MRC, baraza ambalo halikutaka majimbo wala viti. Lilisema Pwani si Kenya. Serikali ililipiga marufuku 2010, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012, na miezi mitatu baadaye viongozi wake wakakamatwa. Nikiwatazama vijana wale niliona kwamba Shirikisho, pamoja na unyonge wake wote, lilikuwa limewapa watu mahali pa kugombana wakiwa wameketi.

Katikati ya hayo, Agosti 2010, Wakenya walipitisha katiba yenye kaunti 47. Pwani ikapata sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Ami alikuwa hajiwezi tena kwa miguu. Nilimsomea sura ya ugatuzi naye akawa ananikatiza: na hospitali? Ni ya kaunti. Na barabara? Zile ndogo. Na bandari? Nairobi. Na hati za mashamba? Nairobi. "Basi wametupa mwiko, sufuria wamebaki nayo," akasema, lakini alikwenda kupiga kura ya gavana 2013 akiwa juu ya kiti cha kubebwa.

Katiba hiyo hiyo imekataza chama kujengwa juu ya msingi wa mkoa, na sheria ya vyama ya 2011 inataka angalau wanachama 1,000 katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Yaani atakayetaka kuisemea Pwani lazima kwanza akaandikishe watu Turkana na Nyeri. Ukitoa nakala za risiti za mweka hazina wetu kwa msajili wa leo utachekwa mpaka barabarani. Vyama vya huku vimejifunza: Kadu-Asili ilichukua jina la zamani na mwaka 2013 ikapata kiti cha Kaloleni, na Pamoja African Alliance ya mwanasiasa wa huku Amason Kingi haikuwa na neno Pwani popote katika jina lake, ingawa kila mtu alijua ilitoka wapi. Mei 2022 Kingi alihama muungano wa Azimio akaingia ule wa Kenya Kwanza, na baada ya uchaguzi akawa spika wa Seneti. Ami, lau angekuwa hai, angetikisa kichwa na kuuliza feri imetia nanga wapi. Mimi sioni ajabu. Chama kidogo kinachokataa kujadiliana na wakubwa kinazeeka na kadi zake mkebeni.

Ugatuzi umebadilisha hata ugomvi wetu. Barazani watu hawailaani Nairobi kwa kila kitu kama zamani. Wanamlaani gavana, wanauliza wadi gani imepata basari na mkandarasi ni shemeji ya nani. Mizigo ya bandari ilipolazimishwa kupanda treni mpya kwenda Nairobi, wenye malori na wapakuaji waliandamana Mombasa bila chama chochote cha Pwani kuwaongoza, na Septemba 2022 rais mpya akairudisha kazi ya kutoa mizigo huku.

Ardhi ndiyo imebaki palepale. Lile shamba kubwa la ekari 930 hapa Likoni, lililojaa maskwota kwa miaka mingi, serikali ililinunua na kuanza kuwagawia waliokuwa wakiishi humo, kila mmoja akitakiwa kulipa shilingi 182,000. Binamu yangu, mtoto wa ami, yumo. Alikwenda katika ofisi moja ya umma kuuliza iwapo anaweza kupunguziwa, kwa kuwa babake amezikwa mle ndani. Karani alimwambia hayo yanaamuliwa Nairobi, akampa fomu nyingine, naye ameijaza, anangoja.