Kijitaa cha Luku

Jumatatu moja asubuhi mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliingia darasani mkono wake wa kulia umefungwa bendeji. Nilipomwuliza kulikoni, aliinamisha kichwa. "Nilikuwa napima umeme, Mwalimu."

Kazi hiyo nilimpa mimi. Ijumaa iliyotangulia niliwafundisha wanafunzi kupima mkondo wa umeme kwa betri mbili ndogo, kisha nikawaagiza wakachunguze vyombo vya nyumbani kwao hutumia umeme kiasi gani. Kijana akaazima kipimo cha fundi redio jirani, akakiweka upande wa ampea, akatumbukiza ncha zake mbili katika matundu ya soketi.

Mwenye kuifahamu kazi hii amekwisha kushtuka. Kipimo cha ampea kina ukinzani mdogo mno. Hufungwa katika njia moja na chombo kinachopimwa. Kukichomeka peke yake katika soketi ni sawa na kuyaunganisha matundu yale kwa kipande cha waya. Kwa betri zetu za volti moja na nusu, kosa hilo lingezichosha betri tu. Soketi ya nyumbani ina volti 230. Ikapiga shoti, ncha zikayeyuka, na kiganja kikaungua.

Wazazi wake hawakunilaumu. Nilijilaumu mwenyewe, kwani katika maelezo yangu yote ya Ijumaa ile neno soketi sikulitamka hata mara moja.

Tangu siku hiyo, ndugu msomaji, nafundisha somo hili kwa mita ya Luku iliyoko ukutani, ambayo mafundi wamekwisha kuifunga na kuitia lakiri. Mwanafunzi hagusi waya wala hafungui plagi, anatazama tu. Mita hiyo ina kijitaa kinachomweka, na kando yake imeandikwa kimweke mara ngapi hata itimie yuniti moja. Nyingi zimeandikwa 1000. Basi zima kila kitu, washa chombo kimoja, shika saa, hesabu. Pasi ya wati 1000 itakimwesha mara 50 kwa dakika tatu.

Wanafunzi hukosea, na makosa yao yananifurahisha. Mmoja aliandika kwamba pasi yao haili umeme. Kumbe alianza kuhesabu ilipokwisha kupata moto na kujizima. Mwingine alidhani mita imekufa, kwa sababu balbu yao ya wati 9 humweka mara moja tu katika dakika karibu saba.

Nyumba ya wapangaji ina taabu yake, maana kuzima kila kitu ni kuomba hisani mlango kwa mlango. Kijana wangu wa bendeji alikaa katika nyumba ya namna hiyo: vyumba vinne, mita moja, na ugomvi kila ulipofika wakati wa kuchangia Luku. Lawama zote zilimwangukia mama wa chumba cha mwisho, mwenye friji ndogo ya kuuzia barafu. Mkono ulipopona, kijana aliwasihi wapangaji wote, wakakubali saa moja ya Jumapili asubuhi. Kwa kuwa friji huunguruma na kupumzika, aliihesabu saa nzima: mara 62. Kisha likaja jiko la umeme la bwana aliyekuwa akilalamika kuliko wote. Dakika tatu, mara 75.

Wakapiga hesabu barazani. Friji, usiku na mchana, yuniti moja na nusu. Jiko, kwa saa mbili za mapishi, yuniti tatu.

Bwana yule alisema kijana amehesabu vibaya, akataka irudiwe. Ikarudiwa, naye mwenyewe akishika saa; zikawa 75. Mchango haukubadilika mwezi ule, lakini mama wa barafu aliiomba ile karatasi, akaibandika nyuma ya mlango wake.