Sufuria ya Ijumaa

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda shambani, mama alimkalisha mdogo wangu kwenye kigoda uani, uso kauelekeza mlangoni, kisha akazunguka nyuma yake kwa kunyata, sufuria mkono mmoja, upawa mkono wa pili. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchutama mbele ya mtoto na kumshika mikono asije akageuka kabla ya wakati. Mama aliinua upawa, akasita kidogo, akapiga. Ngaa! Kuku walitimka, jirani akauliza huko kwenu kuna nini, na mtoto siku nyingine aligeuka, siku nyingine wala. Akigeuka, mama aliweka sufuria chini akacheka na kulia kwa pamoja, ncha ya kanga machoni. "Kasikia! Si mmeona? Mwanangu kasikia!" Siku hiyo tulikula wali.

Ilikuwa Muheza, mwaka 1975. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne, mimi tisa. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa mtoto wa maneno, wa kuuliza jua linalala wapi, na kwa nini mbuzi ana ndevu na shangazi naye anazo. Kisha ikaja homa ya uti wa mgongo. Alilala wodini wiki tatu, na alipotoka tulimshukuru Mungu kwa huko kutoka tu, maana mtoto wa kitanda cha pili hakutoka. Ilituchukua siku kadhaa kugundua alichokiacha hospitali. Bibi alimwita mara tatu, hakuitika, bibi akasema ugonjwa umemwachia kiburi. Alichapwa mara mbili kwa kiburi hicho.

Simlaumu bibi peke yake, lugha yetu nayo ina mkono wake. Mtoto mtukutu tunasema hasikii. Shangazi, yule wa ndevu, alikuwa na methali yake tayari, sikio la kufa halisikii dawa, akaitoa kila tulipomrudisha mtoto kutoka kwa mganga mwingine. Na waganga walikuwa wengi. Mmoja alitia mafuta ya nyonyo ya vuguvugu, mwingine maji ya kitunguu, wa tatu aliyekuwa ng'ambo ya mto alitaka mbuzi mweusi. Mama aliuza michungwa yake kumi na miwili iliyokwisha kuanza kuzaa, ile ya karibu na barabara, ambayo mpaka leo nikipita naiona na najua mwenyewe nani. Maneno nayo yakawa yanamtoka mtoto taratibu. Yalitangulia majina ya watu wa mbali, yakafuata rangi na hesabu. Kufika mwaka uliofuata yalibaki mawili, "mama" na "maji", na aliyasema kwa sauti iliyowachekesha wageni, mpaka siku moja akayaacha nayo.

Mwaka 1980 alipata nafasi katika shule ya bweni. Nchi ilikuwa na shule chache sana za viziwi wakati huo. Ya kwanza ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ya Buguruni ikafuata 1974. Ile aliyopelekwa yeye siitaji. Darasani walitakiwa kutazama midomo ya mwalimu na kuiga, na aliyetumia mikono aligongwa vidole kwa rula. Kwa miaka mingi niliamini ni ukali wa mwalimu mmoja. Ndipo nikasoma kuwa mwaka 1880 walimu wa viziwi, karibu wote wenye masikio yao mazima, walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema, alama ziachwe. Uamuzi huo ulisafiri na walimu dunia nzima. Mwaka 2010, kongamano la aina hiyohiyo lilipokutana Vancouver, lilieleza majuto yake. Miaka mia moja na thelathini. Vidole vya mdogo wangu vilikuwa katikati.

Ila usiku, bwenini, taa ya koridoni ikiwaka, watoto walifundishana wenyewe. Likizo ya kwanza alirudi nyumbani na mikono iliyojaa maneno ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyajua. Alikaa jikoni akituonyesha, mara hivi, mara vile, uso unang'aa. Mama alimshika ile mikono akaibusu, kisha akaiweka magotini kwake, kwa upendo kabisa, ikatulia. Sisi tuliendelea na ishara zetu za nyumbani: kula, lala, njoo, acha, baadaye. Hiyo "baadaye" ndiyo tuliyoitumia kuliko zote. Watu wakicheka kibarazani, naye akinivuta shati kuuliza wanacheka nini, nilimwambia baadaye.

Alinipa jina. Viziwi hupeana majina ya alama, na langu ni vidole viwili vinavyofumba na kufumbua kando ya jicho. Nilidhani ni kwa sababu ya miwani, na nilijivunia kidogo, maana nilikuwa wa kwanza kwetu kuvaa.

Swali la kusikia nilimuuliza kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Nilikuwa mwalimu mpya, nimesikia kwamba ng'ambo watu wanatiwa kifaa ndani ya sikio wanasikia. Nikamwandikia kwenye daftari: Ungependa kusikia? Nikampa kalamu, nikakaa mbele yake nikimkodolea macho. Alinitazama, akaandika "Ndiyo." Nililikimbiza daftari kwa mama kama matokeo ya mtihani.

Huko ng'ambo, kumbe, swali lilikuwa limewasha moto. Marekani iliruhusu kifaa hicho kwa watu wazima mwaka 1984 na kwa watoto kuanzia miaka miwili mwaka 1990. Mwaka uliofuata chama cha taifa cha viziwi cha nchi hiyo kilipinga hadharani watoto kupasuliwa, kikiona kwamba mtu mzima anaweza kujiamulia, lakini mtoto anaamuliwa na wazazi wasiomjua kiziwi hata mmoja. Mwaka 2000 kililegeza msimamo. Mimi wakati ule ningewaona wendawazimu. Nani akatae kusikia?

Kiziwi mmoja ambaye laiti ningemjua mapema ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi wa Alabama. Uti wa mgongo uleule ulimnyang'anya masikio akiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, chuo cha viziwi cha Washington, mwaka 1954, na badala ya kutafuta tiba akaja Afrika, akafungua shule Accra mwaka 1957, kisha nyingine hadi zikapita thelathini katika nchi za bara hili, akifundisha kwa mikono. Alikufa Desemba 1987 ndege ndogo ilipoanguka Rwanda, akiwa safarini kuelekea Kenya. Nilikuwa chuo cha ualimu mwaka huo, na hakuna aliyetutajia.

Mwaka 2017 hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu hapahapa nchini. Kabla ya hapo serikali ilikuwa ikipeleka watoto wachache India. Nilikata gazeti, nikapanda basi la Tanga kwenda kwa mdogo wangu, ambaye sasa ni fundi cherehani mwenye wateja wengi kuliko anavyoweza kuwahudumia, kaolewa na kiziwi mwenzake, na watoto wao wanasikia. Nilimwekea kipande cha gazeti mezani juu ya vitambaa. Akasoma mpaka mwisho, akakitumia kufutia mafuta ya mashine.

Daktari niliyemuuliza baadaye alinieleza bila kuzunguka. Kifaa kile hakirudishi usikivu wa zamani. Nje kuna kinasa sauti kinachoshikwa na sumaku juu ya fuvu, ndani kuna uzi mwembamba wenye vituo vya umeme unaopenyezwa katika ule mfupa uliojizungusha kama konokono, na ubongo unapaswa kujifunza upya, kwa mazoezi ya miezi na miaka, mlio upi ni neno. Anayefaidi sana ni mtoto mdogo, au mtu mzima aliyepoteza usikivu juzijuzi. Zaidi ya hapo, uti wa mgongo una tabia ya kuuacha ule mfupa wa ndani ukijijaza mfupa mpya, njia ikaziba, ndiyo maana baada ya ugonjwa huo upasuaji hufanywa kwa haraka. Kwa mdogo wangu mlango huenda ulifungwa wakati mama bado anauza michungwa.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza lugha ya alama, nikiwa na miaka hamsini na mmoja, nikifundishwa na mpwa wangu na kijana mmoja wa chama cha viziwi. Siku ya kwanza nilijitahidi kuwa na adabu nikasema "watu wenye ulemavu wa kusikia." Kijana akanisahihisha palepale, kuwa sisi ni viziwi, usituzungushe. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na kitu, na lugha ya mdogo wangu niliianza kama mtoto wa chekechea, vidole vimekakamaa, yeye anacheka mpaka anashika mbavu.

Nilipoweza, nikauliza tena, sasa kwa mikono, na kwa watu zaidi ya mmoja. Jirani yao, baharia wa zamani, aliyeharibiwa masikio na sindano za kifua kikuu akiwa mtu mzima, hakungoja nimalize. Angeuza nyumba. Anataka adhana ya alfajiri na anataka taarabu, na anataka kumsikia mkewe akigomba. Shemeji yangu, kiziwi wa kuzaliwa, alilitazama swali kama kitu kigeni kilichoangukia mezani. Akaniuliza kama mimi ningependa kuona kwa kisogo. Nikasema sijui, sijawahi kufikiria. Akanyoosha mikono: basi.

Mdogo wangu aliuliza, "Lini?"

Sikumwelewa. Akafafanua. Ukisema nikiwa na miaka minne, ndiyo, mama asingeuza michungwa. Ukisema zahanati, wanapoita majina kwa mdomo, nikakaa kutoka saa mbili hadi saa nane jina langu limeshapita, basi siku hiyo nipe masikio, jioni uyachukue. Usiku, sherehe ya jirani inapopiga muziki na nyinyi hamlali, sitaki. Kisha akaongeza kwamba harufu ya mvua anaisikia, njaa anaisikia, baridi anaisikia, na wanavyosema watu wa Kiswahili wenyewe, hivyo vyote ni kusikia. Mwalimu wa lugha nikanyamaza.

Nikamkumbusha lile daftari la mwaka 1989, mbona aliandika ndiyo? Akasema ningejiona uso wangu siku ile, nami ningeandika ndiyo. Na hapo, kama mtu anayetaja jambo dogo, akanieleza habari ya sufuria. Hakuwa anasikia kitu. "Nilikuwa nakutazama wewe. Mama akiinua upawa, unafumba macho. Ukifumba, nageuka." Akatengeneza jina langu, vidole viwili kando ya jicho, kufumba, kufumbua.

Na siku zile ambazo hukugeuka?

"Jua lilikuwa linakupiga usoni. Unapepesa ovyo. Sijui ipi ni ipi."

Kwa nini hakutuambia? Akauliza, kwa lugha gani. Halafu mama alikuwa akicheka, na tulikuwa tukila wali.

Mama alifariki mwaka 2003 akiamini kuwa mwanawe alikuwa na sikio moja linalofunguka na kufunga. Sikuwahi kumwambia, nilikuwa sijajua.

Sasa ni zamu ya mjukuu. Mpwa wangu ana mtoto wa miaka miwili, na mwaka huu amegundua hageuki akiitwa. Wanangoja tarehe ya kipimo hospitali, na mama mtu tayari anasoma usiku kucha kwenye simu. Amesoma pia habari za yule mvulana wa miaka kumi na mmoja, mzaliwa wa Moroko, kiziwi tangu tumboni, ambaye mwaka 2023 alitiwa jeni sikioni huko Philadelphia akaanza kusikia. Amenisomea kwa sauti, ila pale madaktari waliposema kwamba huenda asiweze kujifunza kusema, kwa sababu umri wa kuipokea lugha ya mdomo ulikwisha kumpita, alipasoma harakaharaka. Shemeji yangu hataki mtoto apasuliwe. Mdogo wangu hajasema anataka wala hataki. Anauliza betri ikiisha usiku itakuwaje, na kile cha nje kikivunjika kingine kitanunuliwa na nani, na kama mtoto atafundishwa mikono kwanza au baadaye. Hiyo alama ya baadaye aliifanya akinitazama mimi.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao. Mtoto kakaa mkekani anachezea vifungo, mimi kitini mbele yake. Mpwa wangu alitoka jikoni kwa kunyata, sufuria mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Sijui nani alimfundisha. Akapiga. Mtoto akageuka.

"Mjomba! Umeona? Kasikia!"

Mdogo wangu alisimamisha cherehani. Akaja, akanishika mkono, akaniinua kitini, akanipeleka nje ya pazia, akanionyesha nisimame pale. Kisha akarudi ndani, akamwashiria bintiye apige tena.

Nilisikia sufuria ikilia mara moja. Kisha mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Kisha ya tatu.