Koki Iliyogoma Katika Njia ya Ukerewe

Msomaji mpendwa, kama hujapata kufika Ukerewe, fahamu kwamba ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Wengi huvuka kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio. Mimi, nilipotumwa huko kwa kazi ya parokia, nilipanda mashua ya mizigo yenye injini. Chini ya sitaha palikuwa na chumba kidogo cha kupikia, na jiko la gesi.

Tuliondoka asubuhi, tukayaacha nyuma majabali ya Mwanza, na ule Mwamba wa Bismarck unaosimama majini karibu na bandari. Ziwa lilikuwa tulivu. Mpishi, kijana mmoja, alichemsha chai ya maziwa, kisha akataka kuzima moto. Lo! Koki ya jiko ikagoma, haiendi mbele wala nyuma. Mara upepo ukaingia dirishani, moto ukazimika, lakini gesi ikaendelea kutoka. Yako majiko yenye kifaa cha kukata gesi moto unapozimika. Lile halikuwa nacho.

Kijana akatwaa koleo ili aikaze kwa nguvu. Nahodha akapiga kelele, "Acha, mwanangu! Funga mtungi kwanza!"

Mtungi ukafungwa, injini ikazimwa, madirisha yakafunguliwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuwasha kiberiti wala kugusa swichi ya taa. Kisha nahodha akatupa ndoo, akasema, "Karani, saidia kukumba gesi." Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Nani amepata kukumba hewa kwa ndoo?

Kumbe hakuwa na mzaha. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, karibu mara 1.5 hadi 2. Nyumbani huweza kutambaa sakafuni na kutokea mlangoni. Lakini mashua ni kama bakuli: gesi hushuka hadi kwenye ngama, ikatulia humo kama maji, ikingoja cheche moja tu. Basi tulikumba na kumwaga nje, tukikumba na kumwaga, mpaka harufu ikaisha kabisa.

Ndipo nahodha akashughulikia koki. Aliivua kwa mkono, akatuonyesha: chai yenye sukari ilikuwa imefurika mara nyingi, ikaganda kwenye kijiti chake. Akakifuta kwa kitambaa chenye maji ya moto ya chupa na sabuni, akakizungusha polepole mpaka kikalegea. Mpishi alitaka kutia mafuta ya kupikia. "La," akasema mzee, "hayo huganda kwa joto, kesho itagoma zaidi."

Mtungi haukufunguliwa tena mpaka Nansio. Huko fundi aliifungua koki, akatia grisi yake maalumu, kisha akapaka povu la sabuni kwenye maungio. Hapakutokea mapovu, basi ni salama.

Msomaji, leo mitungi ya gesi imefika hata vijijini. Jiko likigoma, usilishindanishe na nguvu zako. Funga mtungi, fungua milango, weka moto mbali, halafu mwite fundi. Na chai ikifurika, ifute siku ile ile. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katikati ya ziwa, ndugu yangu, hakuna pa kuujengea.