Kutoaminiana Kwenye Meza ya Arusha

Kila ninapoalikwa kuzungumza hadharani juu ya usuluhishi, swali la kwanza huwa ni lile lile: maadui wa miaka mingi hufanywaje waaminiane hadi wakubali kutia saini? Muulizaji huwa ameshajijibu. Anadhani imani hutangulia, mkataba hufuata, na kazi ya msuluhishi ni kulainisha mioyo. Nimeitumikia diplomasia ya Tanzania sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na mzigo mzito wa utumishi huo ulikuwa Burundi. Kutokana na kazi hiyo nashika msimamo mwingine. Mkataba unaodumu huandikwa na watu wasioaminiana, nao hudumu kwa kadiri unavyokubali kwamba hawaaminiani. Mwanadiplomasia anayesubiri imani ije kwanza atasubiri hadi astaafu, na vita vitaendelea.

Warundi walioketi Arusha kuzungumzia amani kuanzia Juni 1998, chini ya usuluhishi wa Mwalimu Nyerere, kila mmoja alikuwa na sababu nzito ya kumwogopa mwenzake. Mhutu aliyesoma alikumbuka mwaka 1972, jeshi lililokuwa mikononi mwa Watutsi lilipowawinda watu wa aina yake mashuleni, maofisini na kambini. Alikumbuka pia Oktoba 21, 1993, wanajeshi walipomuua Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi, akiwa madarakani kwa miezi mitatu tu. Mtutsi naye aliwakumbuka ndugu zake waliochinjwa vijijini katika siku zilizofuata kifo hicho, na aliyatazama yaliyotokea ng'ambo ya mpaka, Rwanda, mwaka 1994. Kwa mmoja, jeshi lilikuwa mauti. Kwa mwingine, lilikuwa ukuta wa mwisho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hakuna hotuba ya msuluhishi itakayomzuia asishtuke. Kuwaambia watu hao waaminiane ilikuwa sawa na kuwataka wayakane makaburi yao.

Ndiyo maana naiona Itifaki ya Kwanza ya Mkataba wa Arusha, ile inayohusu chanzo cha mgogoro, kuwa kazi ya ufundi wa hali ya juu, ingawa wengi huipita haraka wakiwahi sura za madaraka. Kamati yake iliongozwa na Armando Guebuza wa Msumbiji. Swali lililokuwa likichoma ni nani alifanya mauaji ya kimbari, na dhidi ya nani. Kila upande ulitaka msiba wake upewe jina hilo na msiba wa mwenzake uitwe kitu chepesi zaidi. Maandishi yaliyopatikana yanakiri kwamba tangu uhuru vitendo vya mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu mwingine dhidi ya binadamu vilitendwa dhidi ya Wahutu na dhidi ya Watutsi, bila kuziingilia tume za uchunguzi na za ukweli ambazo zingekuja baadaye kusema lini na na nani. Itifaki hiyo inasema pia kwamba mgogoro kimsingi ni wa kisiasa, wenye sura nzito ya kikabila, uliozaliwa na tabaka la wanasiasa kugombea kuingia madarakani au kung'ang'ania humo. Mtu aliyezoea kusoma rasimu ataona mara moja kilichofanyika. Hakuna aliyelazimishwa kuikubali historia ya mwenzake. Walikubaliana tu kwamba historia mbili zitakaa ndani ya karatasi moja, na hukumu ikaahirishwa.

Jeshi halikuweza kuahirishwa. Hapo ndipo msimamo wangu unapopata ushahidi wake mkubwa. Kanuni iliyoandikwa Arusha ni kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya vikosi vya ulinzi na usalama. Kwa hesabu ya idadi ya watu, kanuni hiyo haina haki, kwa kuwa Wahutu ni wengi sana kuliko nusu ya Warundi. Kwa hesabu ya hofu, ni ya haki kabisa: Mhutu anajua jeshi halitakuwa tena la Watutsi, na Mtutsi anajua halitageuka kuwa la Wahutu. Seneti nayo ikagawanywa nusu kwa nusu. Kisha Katiba ya 2005 ikaligawa Bunge la Taifa asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, ikawapa Watwa viti vitatu, na ikataka sheria zipite kwa theluthi mbili ya kura. Wahutu peke yao, hata wote wakikubaliana, wasingeweza kupitisha sheria. Ukiisoma Katiba hiyo huku ukitafuta udugu hutauona. Utakachoona ni kufuli, na kila upande umeshika ufunguo wake.

Hoja inayopingana na haya naiheshimu. Wapo wanaosema kwamba kuyaandika makabila kwenye katiba ni kuyagandisha, na kwamba sisi Watanzania, tuliolelewa katika siasa za kuyafifisha makabila, tulikwenda kuwauzia jirani zetu tusichokubali kukitumia wenyewe. Jibu langu ni matukio ya 2015. Rais Pierre Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu, waliojaa mitaa ya Bujumbura kumpinga walikuwa Wahutu na Watutsi pamoja. Jaribio la mapinduzi la Mei 13 liliongozwa na Jenerali Godefroid Niyombare, Mhutu aliyetoka ndani ya CNDD-FDD, chama cha rais mwenyewe. Jeshi liligawanyika, lakini mstari wa mgawanyiko haukuwa ule wa 1972 wala wa 1993. Katika miaka kumi tu siasa za Burundi zilikuwa zimeanza kuuliza maswali mengine. Mgawo ule uliyataja makabila waziwazi, na kwa kuyataja ukayapunguzia makali, kwa sababu hakuna aliyehitaji tena kukimbilia kwa kabila lake kutafuta kinga ambayo tayari ilikuwa imeandikwa.

Wengine hukumbusha kwamba Agosti 28, 2000, mbele ya Nelson Mandela, aliyeupokea usuluhishi baada ya Nyerere, na Rais Clinton wa Marekani, ilitiwa saini karatasi isiyokuwa na wapiganaji. Ni kweli. CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, wakati huo makundi ya waasi, hawakuwemo, usitishaji wa mapigano haukuwemo, na vyama kadhaa vya Watutsi vilisaini baadaye, vikiambatanisha pingamizi zao. Kulikuwa pia na manung'uniko kwamba baadhi ya wajumbe waliyapenda mazungumzo kwa ajili ya posho. Sitabishana na hilo. Posho ni gharama ndogo sana ukiilinganisha na bei ya siku moja ya vita. Ninachobishia ni kwamba karatasi ile ilikuwa tupu. Wapiganaji wa CNDD-FDD walipokuja mezani, wakatia saini Pretoria Oktoba 2003 na Dar es Salaam Novemba mwaka huo, hawakuanza upya. Waliingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa, wakabishania vyumba. Nkurunziza aliyekuwa msituni wakati wa Arusha aliapishwa Agosti 2005 chini ya katiba iliyotokana na Arusha.

Kuhusu shinikizo sitasema mengi. Vikwazo vya majirani vya 1996, vilivyositishwa Januari 1999, viliwaumiza wananchi wa kawaida kuliko wakubwa, na kuna watu wanaoaminika wanaofikiri kwamba maneno makali ya Mandela yalimfanya kila mjumbe asaini asichokiamini. Inawezekana. Mkataba niliokwisha kuueleza haukuhitaji wauamini; ulihitaji waone kwamba kuuvunja kungewagharimu.

Udhaifu wa Arusha uko mahali pengine, na hapo wakosoaji wangeusukuma zaidi. Waandishi wake walipanga vizuri namna Wahutu na Watutsi wasioaminiana watakavyoishi pamoja, lakini hawakupanga namna ya kutomwamini mshindi. Maandishi ya Arusha yanasema hakuna atakayetumikia zaidi ya mihula miwili ya urais. Katiba ya 2005 ikasema rais huchaguliwa na wananchi wote kwa miaka mitano, muhula unaoweza kurudiwa mara moja, huku ikiruhusu rais wa kwanza achaguliwe na Bunge. Katikati ya vifungu hivyo palibaki mwanya, na Nkurunziza aliupita: muhula wa kwanza, alidai, haukuhesabika kwa sababu hakuchaguliwa na wananchi. Kamati ya kusimamia utekelezaji ilikuwa imekwisha pamoja na kipindi cha mpito. Majirani waliokuwa na nguvu ya kufunga mipaka mwaka 1996 hawakuwa na nia hiyo mwaka 2015. Mzee Mkapa alipopewa kazi ya kuwezesha mazungumzo chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki alijitahidi kwa uwezo wake, lakini serikali ya Bujumbura ilifikia kususia vikao. Dhamana isiyo na mdhamini ni maneno tu, na hili nalihesabu kuwa kosa la ukanda mzima, Tanzania ikiwemo.

Katiba ya 2018 imeondoa theluthi mbili kwa sheria za kawaida, yaani moja ya zile kufuli. Mgawo wa makabila imeubakiza, lakini iliipa Seneti miaka mitano ya kuutathmini na kuamua uendelee au ukome. Seneti hiyo yenyewe ni tunda la Arusha, nusu kwa nusu. Kwa maseneta wa Burundi nina ombi moja. Wasipime kama Warundi sasa wanapendana, maana hilo halikuwa sharti la mgawo tangu mwanzo. Wapime kama kijana wa Kitutsi anayejiunga na jeshi leo, na mkulima wa Kihutu anayelipisha jeshi hilo njia shambani kwake, bado wangelala usingizi ule ule kanuni ya nusu kwa nusu ikifutwa. Kwa ninavyoijua Burundi, jibu la haki bado ni hapana, na mgawo uendelee.