Tulienda kuangalia picha, tukaongea mshahara

Tuambiane ukweli shosti. Sisi wa Dar tukisikia neno mtoko, akili inakimbilia sehemu mbili: ufukweni kwenye mishkaki, au sinema halafu msosi. Ukiniambia jumba la picha za kuchora, tena ndani ya chuo kikuu, nitakuuliza kama mfuko umetoboka. Ndivyo nilivyomuuliza mwenzangu Desemba 2024 pale Kampala. Alicheka, ila kicheko chenyewe cha pembeni, maana suala la mfuko kwetu sisi halikuwa la utani.

Mwenzangu ni Mganda, aliacha kazi akarudi Makerere kusoma shahada ya pili. Mimi Mchaga wa Machame niliyekulia Ubungo, na sifa za Wachaga kwenye pesa mnazijua, sina haja ya kuzirudia. Mshahara wangu ulikuwa karibu mara tatu ya posho yake. Kwa miaka miwili tuliongea kila kitu: watoto, dini, hata nani atakoroma zaidi uzeeni. Pesa hatukuigusa. Bili ikija mezani, kila mtu anashika simu yake. Halafu mama akawa ameanza: "Kwani vijana wa Machame wameisha?" Na shangazi, ambaye mdomo wake hauna breki, akamalizia kwamba mwanaume anayesoma na miaka 34 atanilisha madaftari. Napanda basi la kupitia Mutukula nilikuwa nimeshajiambia: nikirudi, narudi na jibu. Ndiyo au hapana.

Basi tukaingia Makerere kwa upande wa Wandegeya, tukapandisha kilima. Lile jengo kuu lililoungua Septemba 2020 lilikuwa limefunguliwa upya miezi miwili kabla, linang'aa mpaka unatamani kupigia picha za harusi. Juu ya miti wamejaa wale korongo wakubwa wenye upara, wametulia kama wazee wa kanisa. Jumba la sanaa lenyewe, lililofunguliwa 1969, si kubwa. Ukikimbia, nusu saa umemaliza. Nje kuna sanamu ambazo wanafunzi wanazipita bila hata kugeuza shingo, kama sisi tunavyoipita ile ya Askari pale Posta.

Usitegemee dhahabu wala mafarao. Hapa ni habari ya watu wetu. Mwingereza mmoja, Margaret Trowell, alianza kufundisha uchoraji Makerere mwaka 1937, na wanafunzi wakatoka Uganda, Kenya na Tanganyika. Gregory Maloba, Mkenya, ndiye aliyetengeneza Sanamu ya Uhuru ya 1962 iliyoko katikati ya Kampala, yule mtu anayemnyanyua mtoto juu. Jana yake tulipita pale kwa bodaboda nikadhani ni mama anayecheza na mwanaye. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alikwenda Nairobi akaanzisha Paa ya Paa mwaka 1965. Theresa Musoke alichora ukuta wa bweni la wasichana la Mary Stuart.

Na Sam Ntiro. Huyu ni wa Machame! Hapo nikasimama. Alisoma Makerere, akaenda London kusoma zaidi, akarudi kufundisha hapohapo kilimani. Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Picha yake maarufu ya mwaka 1956 haipo Kampala, iko New York kwenye jumba la MoMA. Mwenzangu akaitafuta kwenye simu. Jina lake ukilileta kwa Kiswahili ni hivi: wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku.

"Hiyo mbege," nikamwambia. "Hapo wanaenda kuoa."

"Kwetu hiyo ni kwanjula," akasema. Kisha, bila kuniangalia: "Baba anauliza nyinyi mnataka madebe mangapi."

Moyo ukapiga paa! Ndiyo mara ya kwanza mahari kutajwa kati yetu.

Sijui kama umewahi kuligundua hili, mpenzi msomaji. Mgahawani mnakaa uso kwa uso kama polisi na mtuhumiwa, kila neno zito unaliona likimtua mwenzio usoni. Mbele ya picha mnasimama bega kwa bega, macho yako ukutani, mdomo unapata ujasiri. Yaani yale tuliyoshindwa kuyasema kwenye mahoteli ya bei mbaya yalitoka pale.

Maana baada ya madebe akaniuliza kama namjua mke wa Ntiro. Simjui. Kumbe ni Mganda! Sarah Nyendwoha, wa Hoima, aliyesoma Makerere miaka ya 1940 wasichana wakiwa wa kuhesabu kwa vidole, kisha Oxford, akahitimu 1954. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada. Aliporudi kufundisha, serikali ya kikoloni ikamtajia mshahara mdogo kuliko wa wanaume wenye elimu kama yake. Akaukataa. Akafundisha bure mpaka wakarekebisha. Na mwanamke huyo ndiye aliyeolewa na kijana wa Machame. Sasa mama aniambie tena habari za kwani wameisha!

Nikaona hapahapa. "Na wewe, mshahara wangu unakukera?"

Akakaa kimya muda mrefu, nikaanza kuhesabu fremu.

"Mshahara haunikeri. Kinachonikera ni unavyolipa kimyakimya, halafu unaniangalia kama naenda kulipuka."

Haikuwa tamu kusikia. Lakini lilikuwa jibu la mtu mzima, na miaka miwili nilikuwa nalisubiri. Tukakaa nje kwenye nyasi, nikamtajia mshahara wangu mpaka senti, makato na mkopo wa kiwanja. Naye akanitajia posho, deni alilokopa kwa kaka yake, na ada iliyobaki. Tukawa tunabadilisha shilingi zangu kuwa zake, zake kuwa zangu, mpaka kikokotoo cha simu kikachoka. Akasema mahari atatoa mwenyewe, hata ikichukua mwaka, na nisije nikamchomekea hela kwa mlango wa nyuma. Nikakubali, kwa sharti kwamba harusi iwe ndogo na kodi ya nyumba tuigawane kwa kipato, si nusu kwa nusu. Hilo la kodi tulibishana mpaka jua likazama.

Tulishuka Wandegeya tukala rolex, ile chapati ya mayai. Alilipa yeye. Sikushika simu.

Usiku nikampigia mama nikamweleza ya Ntiro na mkewe. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na walimpelekea mbege huko Hoima?" Nikamwambia sijui. "Sasa hilo ndilo ungeuliza."

Barua ya posa imeshafika Ubungo. Tutakaa Kampala au Dar, bado hatujaelewana. Madebe ya mbege mama anataka manne, shangazi anasema sita.